Makobola inajua mengi ya Marekani, majina ya wafu wake nani atayaandika?

Wako vijana wengi wa Makobola, Mboko na Baraka ambao ukiwauliza mambo ya Marekani watakujibu bila kusita. Ile sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge pale New York ilitoka wapi? Ni zawadi ya Wafaransa, ilizinduliwa mwaka 1886. Na Alaska je? Ilinunuliwa kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Muhammad Ali alizaliwa na jina gani? Cassius Clay, mwaka 1942, katika mji wa Louisville. Mambo ya namna hii hupita kila siku kwenye simu, kutoka grupu moja la WhatsApp hadi lingine, chini ya kichwa "Je, ulijua?", na mtu yuko tayari kununua mega ili asipitwe.

Si kosa. Kujua mambo ya watu wengine ni sehemu ya kuerevuka, na mwenye kuuliza hapotei njia. Shida ni kwamba katika orodha hizo zote, jambo la kushangaza kuliko mengine halimo: kipande kizuri cha historia ya Marekani, na hata cha sinema na nyimbo zake, kilipita kwenye ziwa hili la Tanganyika, mbele ya milango ya watu wa Fizi. Anayelijua hilo atapata swali lingine, zito zaidi, kuhusu Makobola yenyewe.

Habari inaanza mwaka 1871. Gazeti moja la Marekani, New York Herald, lilimtuma mwandishi wake, Henry Morton Stanley, kumtafuta mmisionari David Livingstone. Alimkuta Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mnamo Novemba mwaka huo. Wamarekani wanaitania hadi leo salamu ambayo Stanley alidai kumtolea mzee yule. Wachache wanajua kwamba Stanley hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana kwanza upande wa Kusini, akatekwa, kisha akavaa sare ya upande wa Kaskazini.

Wachache zaidi wanajua kilichofuata baada ya salamu ile. Wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wahakikishe kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angewaambia bure. Wakati wa kurudi walipita upande wa magharibi, upande wa Congo, na huko Livingstone akavipa visiwa vitatu vidogo jina la "New York Herald", kulishukuru gazeti lililomletea msaada. Stanley aliandika hata hesabu ya mahali penyewe: nyuzi 3 na dakika 41 kusini ya ikweta. Ukiifuata hesabu hiyo kwenye ramani utafika kwenye maji yaliyo kati ya Uvira na Baraka, ziwa lile lile ambalo watu wa Makobola wanavua ndagala.

Wenyeji walikuwa na majina yao kwa kila mwamba na kila ghuba. Lakini aliyekuwa na kalamu na mashine ya kuchapa ndiye aliyeandika kitabu, na kitabu kikatoka mwaka 1872. Kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, visiwa vya kwa Wacongomani vikawa visiwa vya gazeti.

Miaka 12 baadaye jambo hilo likawa kubwa zaidi. Tarehe 22 Aprili 1884, Marekani ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua bendera ya shirika la mfalme Leopold wa Pili juu ya Congo, miezi kadhaa kabla ya mkutano wa Berlin kuanza. Nchi ambayo yenyewe ilipigana kujitoa katika mikono ya mfalme wa Uingereza ndiyo iliyotangulia kumkabidhi mfalme mwingine ardhi ya watu. Mfalme huyo alikufa bila kuikanyaga Congo hata siku moja.

Kisha ikaja habari ya meli. Mwaka 1915 Wajerumani waliizindua Kigoma meli kubwa iitwayo Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kupitia Katanga hadi ziwani karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Mwaka 1916, vita ilipowazidi, Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao, baada ya kuipaka mashine grisi ili siku moja ifufuliwe. Kutokana na kisa hicho Mwingereza C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935, nayo ikazaa filamu maarufu ya mwaka 1951, The African Queen, aliyocheza Humphrey Bogart pamoja na Katharine Hepburn. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Bogart tuzo yake pekee ya Oscar.

Ndani ya filamu, meli ya Wajerumani inazamishwa na boti kuukuu ya wapendanao wawili. Jina la meli lilibadilishwa. Na picha hazikupigwa Tanganyika: sehemu moja ilipigwa kwenye mto karibu na Kisangani, ambayo wakati huo iliitwa Stanleyville, nyingine Uganda, na nyingine katika studio za Uingereza. Meli ya kweli haikuisha hivyo. Ilitolewa majini mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia kurudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira. Wako wababa na wamama wa Fizi waliorudi nyumbani juu ya meli ya Hollywood, na hakuna aliyewaambia.

Baada ya meli, bunduki. Aprili 1965 mtu mmoja alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma akashukia Kibamba, kusini ya Baraka. Wenzake walimwita Tatu. Alikuwa Ernesto Che Guevara. Wacuba waliomfuata walipewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: kiongozi wao Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Che akajiweka nafasi ya tatu ili asijulikane. Kijana wa leo anayevaa fulana yenye sura ya Che huenda hajui kwamba mtu huyo aliumwa, alipata njaa na alishindwa vita katika milima ya teritware yake. Alikaa miezi saba, akaondoka Novemba 1965 kwa mashua ile ile ya usiku.

Upande wa pili walikuwa nani? Jeshi la serikali ya Léopoldville, pamoja na mamluki wa kizungu wa Mike Hoare. Lakini ndege za T-28 na B-26 zilizopiga mabomu, pamoja na boti za kivita zilizozunguka ziwani kutoka Albertville, yaani Kalemie, zilisimamiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Na walioziendesha wengi wao walikuwa Wacuba: wale waliomkimbia Fidel Castro, baadhi yao waliokuwa wameshindwa kwenye Ghuba ya Nguruwe mwaka 1961. Mwishoni mwa Septemba 1965 boti hizo zilimshusha Hoare na watu wake karibu na Baraka, na mji ukapiganiwa kwa siku nyingi. Kwa maneno mengine, ugomvi wa Havana na Miami ulipigwa Fizi, na wenye mashamba, mitumbwi na nyumba zilizoungua hawakuwa Wacuba wala Wamarekani.

Sinema ilifuata haraka. Mwaka 1968 ilitoka Dark of the Sun, filamu ya mamluki katika vita ya Congo, aliyocheza Jim Brown, nyota wa mpira wa Kimarekani. Ilipigwa Jamaica. Mwaka 1978 mwimbaji wa Kimarekani Warren Zevon alitoa wimbo kuhusu mamluki wa Norway aliyepigana Congo, akiwa ameutunga pamoja na mtu aliyewahi kuwa mamluki mwenyewe. Wimbo huo unapendwa hadi leo. Ndani yake mamluki ana jina, ana nchi, ana rafiki na ana adui. Mwanakijiji wa Congo hana jina.

Na lugha pia ilisafiri. Mwaka mmoja baada ya Wacuba kuhesabiana kwa Kiswahili katika milima ya Fizi, Wamarekani walikipata Kiswahili mara mbili. Septemba 1966 televisheni yao ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek, na mwanamke mweusi aliyekuwemo, akichezwa na Nichelle Nichols, akaitwa Uhura, jina lililotokana na neno uhuru. Mwaka huo huo, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Sikukuu hiyo inaanza tarehe 26 Desemba na kuisha tarehe 1 Januari, na kila siku mshumaa unawashwa kwa neno moja la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani.

Mtu wa Makobola akizisoma tarehe hizo, moyo unaweza kusimama kidogo. Siku ya Nia ni tarehe 30 Desemba. Siku ya Kuumba ni tarehe 31. Siku ya Imani ni tarehe 1 Januari. Mwisho wa mwaka 1998, wakati familia za Chicago na Philadelphia zilipokuwa zikitamka maneno hayo mbele ya mishumaa, watu ambao Kiswahili ni mazungumzo yao ya kila siku walikuwa wakiuawa Makobola.

Hapa mchezo wa "Je, ulijua?" unafika mwisho wake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa kwa kawaida Ripoti Mapping, iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010, inaeleza kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa katika Makobola II na vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Inawataja askari wa waasi wa RCD pamoja na wa majeshi ya Rwanda na Burundi. Taarifa za kwanza zilizotoka Januari 1999 zilikuwa zimesema watu wapatao 500.

Ni vizuri msomaji asimame kwenye namba hizo mbili. Kati ya 500 na zaidi ya 800 kuna watu 300 na zaidi. Mia tatu ni kijiji. Ni darasa baada ya darasa la watoto, ni kanisa lililojaa Jumapili. Watu hao wako wapi katika hesabu? Kwa mama aliyempoteza mwanawe, hakuna hesabu ya kukadiria, kuna mtoto mmoja mwenye jina. Lakini kwa dunia, mtu ambaye jina lake halikuandikwa anaweza kuongezwa au kupunguzwa kama mizigo kwenye mtumbwi.

Daktari Denis Mukwege, alipopokea tuzo ya Nobel ya Amani pale Oslo tarehe 10 Desemba 2018, alilalamika mbele ya dunia kwamba ripoti hiyo inaota ukungu ndani ya droo ya ofisi huko New York. Ripoti inahesabu matukio 617 ya ukatili kati ya mwaka 1993 na 2003, na hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili yake. Kwa hiyo New York imekutana na maji haya mara mbili. Mara ya kwanza, gazeti lake lilivipa visiwa jina ambalo hakuna mwenyeji aliyeliomba. Mara ya pili, wenyeji wanaomba majina yao yasomwe, na droo imefungwa.

Ni rahisi kumaliza habari hapo kwa kuwalaumu wazungu. Lawama ipo na ina haki yake. Lakini kuna jambo moja la Marekani ambalo linafaa kuigwa, nalo haliko kwenye orodha za WhatsApp. Pale Washington kuna ukuta wa mawe meusi wenye majina zaidi ya 58,000, ya askari wa Kimarekani waliokufa katika vita ya Vietnam. Wengi wanadhani ulijengwa na serikali. Hapana. Mwaka 1979 askari wa zamani, Jan Scruggs, alianza kuchangisha fedha kwa watu wa kawaida, na michango yao ndiyo iliyoujenga. Serikali ilitoa kiwanja. Mchoro ulioshinda, kati ya michoro zaidi ya 1,400, ulikuwa wa Maya Lin, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 21. Ukuta ulifunguliwa Novemba 1982.

Majina hayakupangwa kwa cheo wala kwa rangi. Yalipangwa kwa siku mtu alipoanguka, hivyo waliokufa pamoja wanasomwa pamoja. Na kila inapothibitika kwamba fulani alisahauliwa, jina lake linaongezwa. Vita yenyewe iligawanya Marekani vibaya sana. Walioiunga mkono na walioipinga walikuwa bado hawasemezani vizuri. Ukuta haukuwauliza nani alikuwa na haki, uliwaonyesha nani hayupo. Na Wavietnam, waliokufa kwa mamilioni, hawamo kwenye ukuta huo, jambo linaloonyesha kwamba kila watu huandika wafu wao kwanza. Asiyeandika wake, hakuna jirani atakayemwandikia.

Hilo ndilo funzo kwa Makobola. Kila mwisho wa Desemba watu hukumbuka, sala husomwa na hotuba hutolewa. Lakini kumbukumbu ya mdomo ina adui wawili: umri na vita. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku ile sasa anakaribia 70. Na kila vita inapopita kwenye barabara hii ya kitaifa namba 5, karatasi zinaungua, madaftari ya parokia yanapotea, na mashahidi wanatawanyika hadi Burundi na Tanzania. Tarehe 4 Desemba 2025 marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia sahihi mapatano Washington mbele ya Donald Trump. Hata wiki moja haikuisha, M23 walikuwa wameingia Uvira, na watu wakakimbia tena, wengine kuelekea Fizi, wengine kuvuka mpaka. Asiyekuwa na daftari alikimbia na kichwa chake tu, na kichwa kinachoka.

Wako watakaosema: kuandika majina ni kuchokonoa kidonda, kutaleta chuki kati ya makabila. Hofu hiyo si ya bure katika Fizi, ambako Wabembe, Wafuliru, Wavira, Banyamulenge na wengine wamezikana kwa zamu. Lakini chuki hailishwi na majina, inalishwa na namba zisizo na majina, kwa sababu namba ya kukisia kila mwanasiasa anaweza kuivuta upande wake. Jina lina baba, mama, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Haliwezi kuongezwa sifuri. Na kazi hiyo ikianza Makobola, ni haki iheshimu pia wafu wa jirani: wale waliouawa kambini Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wengi wao Banyamulenge, nao wana mama zao. Jamii inayoandika wafu wake vizuri haina sababu ya kuogopa daftari la mwenzake.

Wengine watasema: kazi hiyo ni ya serikali na ya mahakama. Ni kweli kwamba haki ni kazi ya mahakama, na daftari la kijiji haliwezi kumfunga mtu. Lakini mahakama yoyote itakayokuja, leo au baada ya miaka 20, itaanza kwa kuuliza nani alikufa, wapi, siku gani, na nani aliona. Wakati huo haifai jibu liwe "ni wengi". Daftari lililoandikwa mapema, likiwa na nakala sehemu tatu au nne, ni ushahidi unaongoja. Bila hilo, hata jaji mwenye nia njema atabaki na droo yake.

Kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Kila kijiji kati ya vile vitano kinaweza kuchagua watu wanne wanaoaminika: mwalimu, mama mmoja wa kanisa, mzee mmoja na kijana mmoja anayeandika vizuri. Waende nyumba kwa nyumba. Waandike jina la marehemu, jina la baba na la mama, umri, kazi, mahali alipofia, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Jina litokalo kinywani mwa mtu mmoja tu liwekewe alama hadi mwingine alithibitishe. Majina ya mashahidi yawekwe pembeni, kwa siri, kwa sababu za usalama ambazo kila mtu wa Kivu anazielewa. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine kwa kanisa, nyingine Bukavu, na nyingine mbali kabisa, nje ya nchi, ambako risasi haifiki.

Hapo ndipo Marekani inaweza kuwa na faida kwa Fizi kuliko mafumbo ya simu. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe Tanzania mwaka 1996, familia nyingi za Fizi zilipitia huko, na kutoka huko wengine walipelekwa Marekani, kabla mpango wa kupokea wakimbizi kusimamishwa Januari 2025. Leo Wacongomani wanaozungumza Kiswahili wanaishi hata Louisville, mji aliozaliwa Muhammad Ali. Baadhi ya manusura wa Gatumba pia wako Marekani. Watu hao wana simu nzuri, wana umeme usiokatika, na wana wazee sebuleni ambao wanakumbuka. Kijana aliye huko anaweza kumrekodi bibi yake jioni moja ya Jumapili na kutuma majina 10 ambayo hakuna mtu kijijini aliyebaki kuyasema. Huo ni mchango ambao hauhitaji Western Union.

Walimu wa historia wa Baraka na Mboko nao wana nafasi yao. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Che aliitwa Tatu, kwamba ndege za CIA ziliruka juu ya shamba la babu yake, na kwamba meli ya Liemba ina jamaa yake Hollywood, hatasinzia. Na akishaamka, mwalimu amwulize: babu yako alikuwa wapi mwaka 1965? Bibi yako alikuwa wapi usiku wa tarehe 30 Desemba 1998? Nenda ukaulize, uandike, ulete. Somo la namna hiyo halihitaji kitabu kutoka Kinshasa. Linahitaji daftari la kurasa 100 na heshima mbele ya wazee.

Stanley alipita kwenye maji haya siku chache tu, akaacha jina la gazeti, kwa sababu tu alikuwa na kalamu na alijua kwamba kisichoandikwa hakiwezi kusomwa New York. Watu wa Makobola wameishi hapa vizazi na vizazi, na kalamu sasa iko mkononi mwa kila mtoto aliyefika darasa la sita. Itakapofika tena tarehe 30 Desemba, hotuba za viongozi zinaweza kufupishwa, na saa hiyo itumike kusoma majina kwa sauti, kijiji kwa kijiji, kuanzia Bangwe hadi Kashekezi. Yakiwa 500, yasomwe 500. Yakiwa 800 na zaidi, yasomwe yote, hata giza likiingia.